Kichwa cha treni kilichoitwa Uluguru: kutoka Moro hadi makumbusho ya reli Nairobi

Leo naomba tuweke pembeni siasa na mpira, tuongee reli. Kama upo kafe na umelipia nusu saa tu, usihofu, inatosha kabisa.

Mimi ni mtoto wa Moro, mji kasoro bahari. Nimekulia jirani na stesheni ya zamani, na babu yangu mzaa mama alikuwa mtu wa reli tangu enzi za East African Railways. Alianza kwa kutandika mataruma, baadaye akapanda kwenye kichwa cha treni kama mchochea moto. Alikuwa na stori nyingi, lakini moja ndiyo ilikuwa inatuchekesha kila sikukuu.

Alikuwa anasema hivi: "Kuna kichwa cha treni kinaitwa Uluguru. Nilikiona Voi usiku, nilipokuwa naenda Nairobi mafunzoni. Kikubwa kama nyumba tatu, na jina limeandikwa ubavuni."

Sisi wajukuu tulikuwa hatuna mbavu. Mlima uwe treni? Tena treni yenyewe iwe Kenya wakati mlima uko hapa nyuma ya nyumba? Tukawa tunamtania, "Babu, na treni la Mindu je, umeliona?" Mzee anacheka na yeye, anavuta shuka lake, yanaisha. Alifariki 2011. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwambia, "Babu, nakuamini."

Basi, juzi kati mjomba alipata safari ya kwenda Nairobi na gari yake, akaniambia mimi na binamu yangu tumsindikize. Nikakubali kwa sharti moja: tukifika, lazima tupite makumbusho ya reli. Mjomba akaguna, "Utalipa mafuta wewe?" Lakini alikubali.

Barabara na reli zinavyofuatana

Tuliondoka Msamvu alfajiri, Uluguru bado imejifunika mawingu. Chalinze tukakata kushoto kuelekea Segera. Mwenye haraka anaona hii barabara ni mabasi na matuta tu. Ukijua historia ya reli unaiona tofauti.

Tuanzie hapa kwetu. Wajerumani walianza kujenga reli ya kati Dar es Salaam mwaka 1905, na mwaka 1907 treni ikafika Morogoro. Kumbuka hiyo ndiyo miaka ya vita ya Maji Maji. Watu walikuwa wanadaiwa kodi ya nyumba kwa fedha taslimu, na asiyekuwa na fedha alitafuta kibarua au alitafutiwa kwa nguvu. Kwa hiyo tunaposema "reli ya Mjerumani" tuelewane: Mjerumani alileta michoro na chuma, waliobeba mataruma ni babu zetu. Reli ikafika Tabora 1912 na Kigoma mwaka 1914.

Ngoja niwape na hii. Ile meli ya Liemba ya Ziwa Tanganyika ilipita Moro! Ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa kwenye maelfu ya masanduku, ikaletwa Dar na kupandishwa kwenye treni. Iliunganishwa Kigoma na kushushwa majini 1915. Kwa hiyo meli nzima ilipita chini ya Uluguru ikiwa ndani ya masanduku.

Tukirudi barabarani. Baada ya Segera, ukifika Korogwe na Mombo, unaikuta reli nyingine, ya Tanga. Hii ni ya zamani kuliko ya kwetu. Ilianza 1893, ikafika Korogwe 1902, Mombo 1905 na Moshi 1911. Hesabu mwenyewe: miaka 18 kwa kilomita 350 hivi. Arusha ilifika 1929, Mwingereza akiwa ameshachukua nchi.

Mombo tukapata pancha. Wakati binamu anahangaika na jeki, nikamuuliza mjomba swali lililonikaa kichwani tangu Chalinze: babu alifikaje Voi kutoka Moro, wakati reli ya kati na reli ya Tanga ni vitu viwili tofauti?

Mjomba ndiye aliyenifungua macho. Mwaka 1963 ilimalizika reli ya kuunganisha, kutoka Ruvu hadi Mruazi, karibu na Korogwe. Na Waingereza wakati wa vita ya kwanza ya dunia walishajenga reli kutoka Voi kupita Taveta hadi Kahe, karibu na Moshi, ili kusafirisha askari wao. Upana wa reli zote hizo ulikuwa mmoja, mita moja kamili kutoka chuma hadi chuma. Maana yake kuanzia 1963 behewa lililoondoka Moro liliweza kwenda Ruvu, Korogwe, Kahe, Voi, Nairobi, hadi Kampala bila kubadilisha hata gurudumu.

Hapo nikanyamaza kidogo. Kumbe hata kabla ya kufika Nairobi, nusu ya stori ya babu ilikuwa tayari imesimama.

Tulipopita Same, mjomba akanionyesha milima ya Upare kulia kwetu. Akasema kilele cha juu kabisa kule kinaitwa Shengena. Nikaitikia tu, "Sawa mjomba," nikaendelea na karanga zangu. Lishike hilo jina, tutalihitaji mbele.

Tukalala Arusha, kesho yake tukavuka Namanga na kuingia Nairobi mchana.

Ndani ya makumbusho

Makumbusho ya Reli ya Nairobi yapo jirani na stesheni kuu ya reli, umbali wa kutembea kwa miguu kutoka katikati ya mji. Yalianzishwa 1971 na shirika la reli la Afrika Mashariki, wakati huo nchi tatu bado zina shirika moja. Hili ni jambo la msingi sana: mali iliyomo siyo ya Kenya peke yake kihistoria. Ni kabati la familia ambayo baadaye iligawana nyumba.

Yana sehemu mbili. Ndani kuna vitu vidogovidogo: picha, taa za gadi, saa, simu za stesheni, vyombo vya mabehewa ya daraja la kwanza, mifano ya meli na treni. Nje uwanjani ndiyo kuna vichwa vya treni na mabehewa yenyewe, na unaweza kuyasogelea kabisa.

Watu wengi huanzia kwenye behewa namba 12, na mimi sikuwa tofauti. Mwaka 1900 simba alikuwa anakula watu katika stesheni ya Kima. Ofisa wa polisi wa reli, Charles Ryall, akaenda kumwinda akiwa na wenzake wawili, Huebner na Parenti. Wakaliegesha behewa pale stesheni wakapeana zamu ya kukesha. Zamu ya Ryall, usingizi ukamchukua. Simba akaingia mlangoni, mlango wa kuteleza ukajifunga nyuma yake, na akatoka dirishani na Ryall mdomoni. Behewa ni hilohilo, unaligusa kwa mkono.

Wengi wanachanganya hiyo na stori ya simba wa Tsavo. Wale walikuwa wawili, waliua wajenzi wa daraja mwaka 1898, miaka miwili kabla. Mimi nasema simba wote hao wamepewa sifa kupita kiasi. Reli ya kutoka Mombasa hadi Ziwa Victoria ilijengwa 1896 hadi 1901 kwa kuleta vibarua 31,983 kutoka India, na 2,493 kati yao walikufa. Wengi waliuawa na magonjwa na ajali. Lakini malaria haichezewi sinema, simba anachezewa.

Jitu lenye jina la mlima

Sasa tuje kwenye kilichonipeleka.

Ukiwa pale uwanjani huwezi kukikosa. Ni kichwa cha treni kirefu karibu mita 32, kimepakwa rangi nyekundu iliyoiva, kina namba 5918 na jina Mount Gelai. Gelai ni mlima wetu, uko kaskazini mwa Tanzania karibu na Ziwa Natron. Nikasimama kama dakika mbili nzima. Mlima! Treni lina jina la mlima! Nikamvuta binamu, "Babu hakuwa anaota bwana."

Hivi vichwa vinaitwa daraja la 59. Vilitengenezwa na kampuni ya Beyer, Peacock ya Manchester, Uingereza, mwaka 1955 na 1956. Vilikuwa 34 tu, na vyote vilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki: Kenya, Kilimanjaro, Meru, Elgon, Ruwenzori, Hanang, Rungwe na kadhalika. Hakukuwa na kichwa cha mvuke cha reli ya mita moja duniani kilichovizidi nguvu.

Kimoja kilikuwa na uzito wa tani 252. Lori la semitrela na mzigo wake barabarani kwetu halitakiwi kuzidi tani 56. Kwa hiyo panga semitrela nne na nusu zilizoshiba, hicho ndicho kichwa kimoja, bado hujafunga mabehewa.

Swali la mwanafunzi mzuri: uzito wote huo, kwa nini reli nyembamba haikupasuka? Hapo ndipo kuna ujanja wa injinia Mwingereza Herbert Garratt, ambaye kichwa cha kwanza cha aina yake kilitengenezwa 1909 kwa ajili ya Tasmania. Badala ya kuweka kila kitu juu ya fremu moja, aligawa. Fikiria vijana wawili wamebeba jeneza, mmoja mbele, mmoja nyuma. Jeneza ndiyo boila, pipa kubwa la kuchemshia maji. Kijana wa mbele ana magurudumu na pistoni zake na amebeba tangi la maji. Wa nyuma naye ana magurudumu na pistoni zake, amebeba mafuta ya kuchomea na maji mengine. Mvuke wa boila moja unasukuma pistoni za pande zote mbili.

Faida zake ni mbili. Kwanza, uzito unasambaa kwenye magurudumu mengi kwa hiyo reli haielemewi mahali pamoja. Pili, kwenye kona kila kijana anageuka kivyake, boila linabaki katikati limenyooka. Ndiyo maana jitu refu namna ile liliweza kupanda kona za kutoka Mombasa, usawa wa bahari, hadi Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu, likivuta mabehewa ya mizigo.

Kazi yao kubwa ilikuwa hiyohiyo, njia ya Mombasa na Nairobi. Na njia hiyo inapita Voi. Unanipata? Mtu anayetoka Moro anaunganisha hapohapo Voi. Babu alisema alikiona Voi, usiku.

Namba 5931

Pembeni ya uwanja kuna cha pili cha aina hiyohiyo. Namba 5930. Nikasoma jina nikamwita mjomba kwa sauti mpaka watu wakageuka: Mount Shengena! Ule mlima wa Same niliouitikia na karanga mdomoni.

Kulikuwa na mzee mmoja mhudumu anatuangalia, akasogea. "Karibuni sana. Mumetoka wapi?" Tukamwambia Morogoro. Nikamuuliza, "Mzee wangu, shikamoo. Hivi kuna kilichoitwa Uluguru?"

Hakufikiria hata sekunde. Akagonga ubavu wa Shengena kwa kiganja. "Hii ni 5930. Uluguru ilikuwa inafuata hii, 5931. Uluguru Mountains. Lakini haiko tena kijana wangu. Ilikatwa, ikaenda chuma."

Mjomba, ambaye njia nzima alikuwa analalamikia mafuta, akavua kofia. Akasema polepole, "Mzee alikuwa anasema kweli." Hakuongea tena mpaka tunafika getini.

Baadaye nilikuja kujua kwamba tulikuwa na viwili. Mbali na 5931, kulikuwa na 5926 kilichoitwa Mount Kimhandu. Kimhandu ndicho kilele cha juu kabisa cha Uluguru, zaidi ya mita 2,600. Chenyewe nacho hakipo. Kati ya vichwa 34 vimebaki viwili, hao Gelai na Shengena. Hadi 1980 vyote vilikuwa vimeshaondolewa kazini.

Kwa nini vilikatwa?

Tusitafute mchawi. Sababu zinaeleweka.

Kwanza ni dizeli. Kichwa cha mvuke kinahitaji saa nyingi kuchemsha maji kabla ya kusogea, kinakunywa maji njiani, na kinataka mafundi wengi. Cha dizeli unawasha unaondoka. Shirika lolote lenye akili ya biashara lingebadilisha.

Pili ni 1977. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa, na shirika la reli likagawanywa vipande vitatu. Tanzania tukaanzisha TRC mwaka huohuo. Kila nchi ilibaki na kilichokuwa upande wake, na vichwa vya daraja la 59 vilikuwa Kenya. Kichwa chenye jina la mlima wa Morogoro kikabaki nchi ambayo hakuna mtu mwenye sababu ya kukililia. Na Mluguru mwenye sababu hakujua kama kipo.

Tatu ni bei ya chuma. Tani 252 za chuma ni hela. Kitu kisichokuwa na mtu wa kukisemea kinapimwa kwa kilo.

Na Moro je?

Hapa ndipo ninapotaka tuongee kwa uwazi.

Tanzania tuna reli za upana wa aina tatu. Ya zamani ya mita moja (milimita 1,000), ya TAZARA ya milimita 1,067 na SGR ya milimita 1,435. Mkoa wa Morogoro una zote tatu! Ya mita moja inapita mjini na Kilosa. TAZARA, iliyokabidhiwa rasmi 1976, inakata Kilombero, kupitia Ifakara na Mlimba. SGR ya umeme ilianza kubeba abiria kati ya Dar na Morogoro tarehe 14 Juni 2024, na mwaka huohuo ikaendelea hadi Dodoma. Safari ambayo babu aliifanya siku nzima, sasa haifiki saa mbili.

Mimi siyo mtu wa kulilia zamani. Nimepanda SGR, nimefurahi, na nitapanda tena. Lakini kila kitu kipya kikija, cha zamani kinaingia kwenye hatari. Stesheni ya zamani, nyumba za reli, jengo la hoteli ya Mjerumani mkabala na stesheni, mabehewa yaliyolala kwenye majani, yote hayo kwa jicho la mfanyabiashara wa chuma chakavu na viwanja ni kilo na mita za mraba. Nimekulia pale, na sikumbuki mwalimu hata mmoja aliyetupeleka stesheni kutuambia ilikuwepo tangu 1907.

Na siyo majengo tu. Tuliporudi Moro nilienda moja kwa moja kwa bibi mdogo kuuliza sanduku la babu, lile la bati lenye karatasi zake za kazi. Akaniambia sanduku lipo, anawekea mahindi. Na karatasi? "Zile? Si zilifungia vitumbua siku nyingi." Sikuwa na la kumlaumu. Hakuna aliyemwambia kama zina maana. Na sisi tuliokuwa tunacheka ndiyo tuliotakiwa kumwambia.

Ukitaka kwenda

Kwa wanaotaka kufanya safari hii, machache ya kuzingatia.

Hati ya kusafiria na kadi ya chanjo ya homa ya manjano uwe navyo kabla hujafika Namanga. Kama ni gari binafsi, shughulikia bima ya kuvuka mpaka mapema.

Viingilio hubadilika, na wageni na wenyeji hulipa tofauti, kwa hiyo ulizia getini. Tenga saa mbili au tatu. Anza na vyumba vya ndani ndipo utoke uwanjani, vinginevyo vichwa vya treni vitakumaliza hamu.

Tafuta majina. Utaona vichwa vyenye majina ya milima na makabila. Kuna kimoja kinaitwa Nyaturu, watu wa Singida mnahusika. Kuna kingine, 6006, chenye jina la Sir Harold MacMichael, aliyekuwa gavana wa Tanganyika miaka ya 1930. Hiyo ni mali ya historia yetu iliyohifadhiwa kwa jirani, tuwashukuru kwa kuitunza.

Waulize wahudumu. Maandishi kwenye vibao ni machache, vichwani mwao yamo mengi.

La mwisho ndilo kubwa, na halihitaji nauli. Kabla hujaenda Nairobi nenda kwanza kwa mzee wa reli aliye jirani yako. Pale Moro wapo, Kilosa wapo, Tabora ndiyo usiseme. Mrekodi kwa simu. Ipige picha kadi yake ya kazi, kofia yake, filimbi yake. Muulize majina ya vichwa na stesheni. Na akikuambia kitu kinachochekesha, kama vile treni lenye jina la mlima, usicheke kwanza. Andika.

Sisi tulikuwa na shahidi wa 5931 ndani ya nyumba, anakula ugali na sisi, na tulimgeuza kichekesho cha sikukuu. Nimeenda mpaka Nairobi kuambiwa na mtu nisiyemjua kitu ambacho babu yangu alikuwa ananiambia bure.

Kama una mzee wa reli nyumbani, au unajua kibao cha jina cha 5931 kiliishia wapi, tuambiane. Naomba kuwasilisha.